Kumlea Mama Pasi

Chumba cha mbele cha nyumba hiyo kilikuwa duka la dobi. Mlango wake ulitazama barabara. Mtu akipita nje alisikia kwanza harufu ya sabuni, kisha joto la pasi. Ndani kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na ukutani misumari ya kutundikia nguo zilizo tayari. Nyuma, uani, kamba zilipita kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Siku za jua ungeweza kupotea humo katikati ya mashuka.

Mwenye duka aliitwa Mama Pasi. Jina alilopewa na wazazi wake watu walikuwa wameliacha zamani. Alikuwa dobi tangu ujana wake, na kazi yake ilikuwa safi. Wateja walitania kwamba shati likinyoshwa na Mama Pasi, hata mvivu hupewa cheo.

Mama Pasi hakusoma. Lakini alikuwa na njia yake ya kujua nguo za watu. Ndani ya kola, au ndani ya kiuno, alishona alama ya uzi. Mwalimu alikuwa na msalaba wa buluu. Mhudumu wa hoteli alikuwa na nukta mbili za njano. Muuguzi wa kliniki alikuwa na mstari wa kijani. Alama zote hizo alizihifadhi kichwani, wala hakukosea.

Aliishi na binti yake wa mwisho. Huyu alikuwa mwanamke mzima, mvi zimeanza kumchungulia, lakini mama yake alimwita Kidosho tangu utotoni na mtaa mzima ukafuata. Kidosho aliachika, akarudi nyumbani, wakawa wawili. Yeye alifua na kuanika. Mama yake alinyosha na kukunja. Walifanya kazi wakipiga soga tangu asubuhi.

Kidosho alikuwa na kaka mmoja, dereva wa lori la masafa marefu. Nyumbani alionekana mara chache. Kwa simu, hata hivyo, alikuwa hodari sana wa kutoa maagizo.

Mambo yalianza kuharibika polepole. Asubuhi moja muuguzi alikuja kuchukua sare yake. Alikwenda na furushi, kisha akarudi akicheka. Mkononi alishika suruali nyeusi ya kiume.

"Mama Pasi, leo unataka nikawadunge watu sindano nimevaa kama mhudumu wa hoteli?"

Wote walicheka, na Mama Pasi alicheka pia. Lakini Kidosho alimwona mama yake akikigeuza kiuno cha ile suruali. Aliutazama uzi wa njano. Akautazama tena. Hakujua ulikuwa wa nani.

Baada ya hapo visa vilifuatana. Mama Pasi alinyosha shati moja asubuhi nzima. Akilimaliza, analinyunyizia maji na kuanza upya. Alificha sabuni chini ya godoro, kisha akamwita Kidosho mwizi wa sabuni. Aliacha pasi ya moto juu ya shati la mwalimu, akatoka mlangoni kutazama wapita njia. Moshi ndio uliomwita Kidosho kutoka uani.

"Samahani, mwalimu," Kidosho alisema jioni. "Ni mimi. Nilipitiwa."

Alibeba lawama hiyo na nyingine nyingi. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba binti hana mkono wa mama yake. Kidosho alisikia, akameza mate, akaendelea kufua.

Alimpigia kaka yake simu.

"Kaka, mama anasahau."

"Nani hasahau? Jana nimetafuta miwani saa nzima, kumbe nimeivaa."

"Ameniuliza kama baba amekula."

Baba yao alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita.

"Ni uzee huo," kaka yake alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Mchangamshe akili, zisilale. Na watu wasijue, Kidosho. Watasema mama yetu ni mwehu. Wewe jikaze kisabuni."

Kidosho alijikaza. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alimketisha mama yake mezani na kumwekea nguo.

"Mama, uzi huu ni wa nani?"

"Huu... ni wa yule."

"Yule nani?"

"Yule mrefu."

"Si mrefu, mama! Ni wa muuguzi. Si nimekwambia jana? Na juzi? Haya, na huu?"

Mama Pasi aliinamisha kichwa. Alishika ukingo wa meza, machozi yakaanguka juu ya blanketi. Kidosho naye alitaka kulia, lakini aliamini anamtibu mama yake. Tusimcheke. Wengi wetu tungefanya hivyo hivyo.

Muuguzi aliwakuta siku moja katika mtihani huo. Alisimama mlangoni akasikiliza. Kisha akamwita Kidosho pembeni.

"Dada, usimfanyie mtihani. Unamwumiza bure."

"Ni uzee tu, Sista. Nataka kumchangamsha."

"Uzee unaweza kukusahaulisha ulipoweka pasi. Ugonjwa hukusahaulisha kwamba pasi inaunguza. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mlete kliniki tumpime. Na usichelewe kumshonea namba yako ya simu ndani ya gauni. Watu wenye hali hii hutoka wakapotea."

"Nitamleta, Sista."

Hakumleta. Alikumbuka maneno ya kaka yake. Na ile namba ya simu aliona ni kama kumpigia mama yake tarumbeta mtaani. Nani hushonewa namba ya simu isipokuwa mtu asiyejijua?

Hata hivyo hofu ilimwingia. Basi akafanya jambo ambalo dobi peke yake angelifikiria. Alichukua uzi mwekundu, akashona msalaba mdogo ndani ya kola ya kila gauni la mama yake. Alijiambia kwamba mama akipotea, mtu ataona alama. Atajua ni kitu cha duka lile la dobi, naye atamrudisha. Moyo wake ukatulia.

Siku moja mawingu yalitanda ghafla. Kidosho alikuwa nyuma, mikono imezama kwenye beseni. Alikimbilia kamba, akazoa mashuka, akayaingiza ndani. Chumba cha mbele kilikuwa kitupu, na mlango ulikuwa wazi.

"Mama?"

Aliangalia chumbani. Aliangalia chooni. Alitoka barabarani, mvua ikaanza kumnyeshea. Aliuliza kwa muuza vocha. Aliuliza kwa fundi baiskeli. Kwa aibu, hakusema mama amepotea. Alisema, "Hamjamwona mama akipita? Nilikuwa namtuma kitu." Hawakumwona. Alitembea mtaa kwa mtaa, viatu vimejaa maji, roho iko mkononi.

Alimkuta alasiri katika kituo cha polisi. Mama Pasi alikuwa ameketi kwenye benchi, gauni limechanika begani. Mkono wake ulikuwa umevimba, na midomo ilikuwa na damu. Kando yake alikaa mwanamke ambaye Kidosho hakumjua, amemshika mkono ule mzima.

"Wewe ndiye mwanawe?" mwanamke yule aliuliza.

"Ndiye mimi. Nani amemfanya hivi?"

"Aliingia uani kwangu akaanua nguo zangu zote. Jirani akampigia kelele za mwizi. Watu wakajaa." Mwanamke alisita. "Mimi nilitoka nikaona nguo zangu zimekunjwa vizuri na kupangwa, kubwa chini, ndogo juu. Nikasema, mwizi gani huyu anayekunja? Nikamkumbatia ili wamwache. Tulimwuliza jina, hakulijua. Tukatafuta namba, anwani, chochote. Tuliona uzi tu kwenye kola."

Kidosho aliigusa kola ile. Katika mtaa wa mwanamke yule hakukuwa na mteja wao hata mmoja. Uzi mwekundu kwao ulikuwa uzi tu. Shati likipotea halipigwi. Mtu akipotea anaweza kuuawa, na mama yake aliponea chupuchupu.

Mama Pasi aliinua uso.

"Nguo za watu zimelowa?" aliuliza.

"Hazijalowa, mama."

"Afadhali."

Kesho yake Kidosho alifunga duka na kumpeleka mama yake kliniki. Muuguzi aliona ule mkono uliovimba. Hakusema lolote kuhusu ahadi ya zamani. Alimwita daktari.

Daktari aliusafisha mdomo na kuufunga mkono. Kisha akampima Mama Pasi damu, macho na masikio. Alimwuliza maswali mepesi kwa upole. Alitaka kuona dawa zote anazotumia.

"Yapo magonjwa mengine yanayomfanya mtu asahau," alieleza. "Baadhi yake yanatibika. Kwa hiyo tunapima kwanza, hatukisii."

Walirudi tena kwa majibu. Daktari alisema Mama Pasi ana dimensia. Muuguzi aliketi na Kidosho kwenye chumba kidogo ili amweleze vizuri.

"Ni ugonjwa wa ubongo," alisema. "Kumbukumbu zinapotea kidogo kidogo. Baadaye hata kazi ndogo, kama kufunga kifungo, zinaweza kumshinda."

"Ni laana, Sista? Watu watasema tumelaaniwa."

"Si laana, si uchawi, wala hauambukizi. Hakuna aliyeuleta, wewe wala yeye."

"Atapona?"

"Hapana, dada. Sitakudanganya. Zipo dawa zinazowasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, na daktari ataangalia kama zinamfaa. Lakini hakuna dawa inayouondoa kabisa." Muuguzi alimwacha apumue. "Ila anaweza kuishi vizuri. Hilo linategemea sana wanaomlea, na wanaomlea wanahitaji msaada."

Akamweleza. Nyuma ya kliniki kulikuwa na kituo cha mchana. Wazee wenye ugonjwa huo hupelekwa asubuhi, hushughulishwa, hulishwa, na alasiri hurudi kwao. Kulikuwa na kikundi cha walezi kilichokutana kila Jumamosi. Kulikuwa na mhudumu wa afya aliyezungukia majumbani, na namba ya simu ya kupiga mlezi akikwama.

Kidosho alitikisa kichwa.

"Sista, kituo ni cha wasio na watu. Mama yangu ana mtoto. Mtoto mwenyewe ndiye mimi."

"Nani anakusaidia?"

"Najisaidia."

Muuguzi alichukua kipimo cha presha, akakifunga kwenye mkono wa Kidosho. Alisoma, akapima tena.

"Presha yako iko juu sana. Unalala?"

"Mama akilala, nalala."

"Na mama analala?"

Kidosho alitazama sakafu. Siku ile alikubali kitu kimoja tu. Alikubali bangili ya mkononi yenye jina la mama yake na namba ya simu. Alirudi nyumbani akijiona amefanya kubwa. Huo ndio ubishi ninaouona kwa walezi wengi. Msaada uko hatua chache kutoka mlangoni, nao wanaona heri kufa na tai shingoni.

Wiki zilipita. Kidosho alifua, akanyosha, akapika, akamwogesha mama yake, akamfuata kila aliposimama. Duka lilianza kuchelewesha nguo. Aliacha kwenda kwa rafiki zake. Aliacha kuchana nywele. Alipopigiwa simu na kaka yake alijibu, "Tuko salama," kisha akakata upesi asije akalia.

Halafu ikafika siku ya kupeleka sare za kliniki. Kidosho alikuwa amezinyosha zote, akazipanga mezani. Macho yalimwuma kwa kukosa usingizi. Aligeuka kuchukua maji. Aliporudi, Mama Pasi alikuwa amesimama na sufuria ya wanga uliokorogwa wa kukazia nguo. Alikuwa anaumimina juu ya sare zile, taratibu, kama mtu anayemwagilia bustani.

Kidosho alimpiga. Alimpiga kofi la mkononi, na sufuria ikaanguka. Alimpiga tena begani.

Mama Pasi alijifunika kichwa kwa mikono yote miwili. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akachutama pale.

"Msinipige," alisema. "Mimi si mwizi, jamani. Mimi ni dobi. Nilikuwa naziingiza ndani, mvua inakuja."

Kidosho alisimama mkono ukiwa bado hewani. Mama yake alikuwa amerudi kwenye ule umati, na sasa umati huo ulikuwa yeye, Kidosho, binti wa mwisho. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Aliketi sakafuni katikati ya wanga akalia kwa sauti.

Mama Pasi alimtazama kwa muda. Kisha alisogea, akaanza kumfuta machozi kwa pindo la gauni.

Kidosho alipiga simu kliniki.

"Sista, nimempiga mama."

Muuguzi hakupiga kelele. "Ameumia?"

"Hapana. Ameogopa."

"Na wewe uko salama?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Kidosho akaanza kulia upya.

"Sikiliza," muuguzi alisema. "Ulichofanya ni kibaya, nawe unajua. Kuniambia ni vizuri. Sasa usibaki peke yako humo ndani. Namtuma mhudumu aje leo. Na Jumamosi njoo kwenye kikundi. Njoo na mama, yeye atakaa kituoni, wewe utakaa na wenzako."

"Nitakuja," Kidosho alisema. Safari hii alikwenda.

Kikundi kilikutana katika chumba chenye viti vya plastiki na feni iliyolalamika. Kidosho alikaa karibu na mlango, tayari kukimbia. Ilipofika zamu yake alisema kwa sauti ya chini, "Mimi ni dobi. Namlea mama yangu. Juzi nilimpiga." Alingoja wamzomee. Mwanamke mmoja aliinamisha kichwa. Mwingine alijifuta macho. Kisha mzee mmoja seremala akaanza kuzungumza.

"Mimi namlea mke wangu. Kila asubuhi ananiuliza nimeingiaje nyumbani kwake. Zamani nilibisha. Nilimwonyesha picha ya harusi, tukagombana mpaka majirani wakaja. Siku hizi nasema, nimepita tu kukusalimu, mama. Basi ananikaribisha, ananimiminia chai." Alitabasamu. "Na niwaambie ukweli, chai ya mgeni ni tamu kuliko niliyokuwa napewa nikiwa mume."

Watu walicheka. Kidosho alijisikia akicheka pia, akashangaa sauti yake.

Katika kikundi hicho alijifunza mengi, na mengine aliyasikia kutoka kwa mhudumu aliyekuja nyumbani. Aliacha mtihani wa nyuzi. Mama akimwuliza kama baba amekula, hakumwambia tena kwamba baba amekufa, maana kila alipoambiwa Mama Pasi alifiwa upya. Alimwuliza, "Baba alipenda nini?" Mama Pasi alisimulia, akasahau swali. Pasi na mkaa vilihamishiwa chumba chenye kufuli. Mlangoni walitundika kengele iliyolia mlango ukifunguliwa. Jirani wa kulia na wa kushoto waliambiwa ukweli. Muuza vocha alisema, "Kumbe! Sisi tulifikiri amekasirika nasi, haitikii salamu." Tangu siku hiyo alimwangalia.

Kituo cha mchana hakikuwa rahisi. Siku ya kwanza Mama Pasi alimng'ang'ania Kidosho mlangoni, akakataa kumwachia. Waliondoka wote wawili. Siku ya pili alikaa kidogo, akalia. Kidosho alikuwa karibu kukata tamaa. Ndipo mama mlezi wa kituo alipouliza, "Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Dobi. Nani asiyemjua Mama Pasi?"

Mama mlezi alileta kapu la vitambaa vya meza vilivyofuliwa. Aliliweka mbele ya Mama Pasi, akasema, "Mama, shikamoo. Hivi vimetushinda kukunja."

"Marahaba," alisema Mama Pasi. Aliinua kitambaa kimoja, akakikung'uta, akamtazama mama mlezi kwa dharau kidogo. "Nani aliyefua hivi? Hata kusuuza hajui."

Siku hiyo hakutaka kuondoka.

Ikawa anakwenda kituoni asubuhi mbili kwa wiki. Asubuhi ya kwanza yenye nyumba tupu, Kidosho alipanga kufua mlima wa mashuka. Alikaa kitandani kuvua viatu, akalala hapo hapo mpaka adhuhuri.

Kaka yake alisikia habari kutoka kwa watu. Alikuja bila kupiga simu, akaliegesha lori mbele ya duka na kuziba barabara.

"Kidosho! Nimeambiwa umemtupa mama kwa watu baki."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nijibu."

"Sijamtupa. Nampeleka asubuhi, namrudisha alasiri."

"Mama yetu hatalelewa na wageni. Sisi tuko hai! Nilikwambia ujikaze."

"Nilijikaza kisabuni, kaka," Kidosho alisema. "Sabuni huisha. Nilimpiga mama."

Kaka yake aliketi juu ya furushi la nguo.

"Leo ni Jumamosi," Kidosho aliendelea. "Mimi nakwenda kwenye kikundi. Mama leo atabaki na wewe. Usimwulize kama anakukumbuka. Na usifunge macho."

Aliporudi alimkuta kaka yake ameketi uani, kifua wazi. Shati lake lilikuwa kwenye kamba likichuruzika maji. Mama Pasi alikuwa anakunja taulo kando yake.

"Amenivua shati akalifua," kaka alisema. "Lilipokaribia kukauka akalifua tena. Hii ni mara ya tatu. Niligeuka kidogo kujibu simu, kengele ikalia, akawa ameshafika kwa fundi baiskeli." Alishika kichwa. "Ananiita kondakta. Kidosho, umeishije hivi peke yako?"

"Vibaya," alisema Kidosho.

Kaka yake alilia. Mwanamume mkubwa, kifua wazi, alilia mbele ya nguo za wateja. Kisha akasema pole, na akasema tena. Tangu hapo, kila alipotoka safari, mama alikuwa zamu yake. Alimpeleka kituoni mwenyewe, akajifunza kumlisha na kumvisha. Jumamosi moja aliingia katika kikundi cha walezi, akaketi karibu na seremala. Presha ya Kidosho ilishuka. Duka likarudi kwenye kazi yake, na wateja wakaanza kusema binti naye ana mkono.

Mama Pasi hakupona. Maneno yalizidi kumpungukia, na miguu yake ilizidi kuwa mizito. Lakini alinenepa kidogo, na aliacha kujifunika kichwa mtu akipita karibu naye ghafla.

Alasiri moja Kidosho alikwenda kumchukua kituoni. Mama Pasi alikuwa dirishani, mikono imetulia mapajani. Alimtazama binti yake kama anavyotazamwa mtu mwema asiyejulikana.

"Wewe ni wa nani?" aliuliza.

"Nimekuja kukusindikiza nyumbani, mama."

"Ahsante. Nyumbani kuna mtu?"

"Yuko binti yako."

"Ehee." Uso wa Mama Pasi ulilainika. Alishika mkono alionyooshewa, akasimama taratibu. Walitembea hatua chache kuelekea mlangoni. Kisha alimsogelea Kidosho sikioni, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya nyumba yake.

"Yule binti yangu aliumwa sana," alisema. "Alikuwa analia, anapiga. Nilimwonea huruma, sikujua nimsaidieje." Alimpigapiga Kidosho mkononi. "Sasa amepona."